Mtini Uani: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Mtini humvumilia sana mkulima anayeanza, na pengine ndiyo maana matatizo yake husomwa vibaya: mti unaendelea kuishi huku ukionyesha dalili, na mwenye mti anakimbilia dawa ya wadudu wakati kilichohitajika ni kupunguza maji au kungoja wiki chache. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili zinazolalamikiwa mara kwa mara na watu waliopanda mti mmoja au miwili katika ua mdogo, ardhini au kwenye chungu. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida zaidi kimetangulia na kile adimu kimefuata, na ukaguzi usiogharimu kitu umewekwa kabla ya hatua zinazohitaji makasi, dawa au kung'oa mti. Usiruke hatua za mwanzo kwa sababu zinaonekana nyepesi mno. Malalamiko mengi ya miaka miwili ya kwanza huishia hapo hapo.

Kabla ya kuugusa mti

Utomvu mweupe unaotoka kwenye jani, tawi au tini mbichi iliyokatwa si wa kuchezea. Una kimeng'enya kinachounguza ngozi laini, na pia kemikali ambazo, ngozi ikipigwa na jua baada ya kuguswa nazo, husababisha wekundu na malengelenge. Majeraha hayo huenda yasionekane hadi siku moja au mbili baadaye, na kwa hiyo wengi hawajui walichoumia nacho. Vaa glavu na mikono mirefu unapopogoa, fanya kazi hiyo jua likiwa limepungua, na ukiguswa na utomvu osha kwa sabuni na maji mengi kisha ufunike mahali hapo pasipigwe na jua. Mtu mwenye mzio wa mpira wa asili awe mwangalifu zaidi. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika kadhaa na uende kwa daktari bila kusubiri.

Baada ya hapo, kila uchunguzi uanze na mambo matatu. Ingiza kidole udongoni hadi kina cha sentimita 5 uone kama kuna unyevu. Hesabu saa ambazo mti unapigwa na jua moja kwa moja, kwa kuwa mtini unahitaji angalau saa 6 na hupendelea 8. Kisha geuza majani kadhaa utazame upande wa chini, ambako wadudu na ukungu huanzia.

Kipandikizi kimetoa majani, kisha kimenyauka

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayeanza. Kipande cha tawi kina akiba ya chakula ndani yake, na joto likiongezeka kinaweza kutoa majani mawili au matatu kabla hakijatoa hata mzizi mmoja. Mkulima anaona majani, anafurahi, anaongeza maji na mbolea, na wiki mbili baadaye kipandikizi kimelala. Chanzo cha kawaida zaidi ni maji kupita kiasi, kwani udongo uliolowa chepechepe hauna hewa, na sehemu iliyokatwa huoza kabla ya kutoa mizizi.

Usikichomoe ili kukitazama. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha karibu na usawa wa udongo: ukiona kijani chenye unyevu, kipandikizi kiko hai, ukiona kahawia na ganda linateleza kwa urahisi, sehemu hiyo imekwisha kuoza. Kilicho hai kihamishie kivulini penye mwanga wa kutosha, kifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga huku ukiacha nafasi ndogo ya hewa, na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Kilichooza upande wa chini kinaweza kuokolewa kwa kukatwa upya, chini kidogo ya kifundo (mahali jani hutokea kwenye tawi) kinachofuata, endapo mbao iliyobaki ni safi na nyeupe.

Ikiwa maji hayakuzidi, angalia joto. Mizizi hutoka vizuri kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi, na kwenye baridi huchelewa mno. Angalia pia aina ya tawi ulilotumia. Tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 25 na vifundo visivyopungua vitatu, hushika vizuri kuliko ncha laini ya kijani. Mwisho, hakikisha hukukipanda kichwa chini. Makovu ya majani hukaa chini ya machipukizi, kwa hiyo chipukizi linapaswa kuwa juu ya kovu lake. Mbolea isubiri hadi uione mizizi ikifika ukingoni mwa kopo, na kopo linaloonyesha ndani hurahisisha sana jambo hili.

Majani yanageuka manjano na kudondoka

Jiulize kwanza ni msimu gani. Mtini ni mti unaopukutisha majani, na baridi inapoingia hubaki mtupu kabisa bila kuwa mgonjwa. Mti uliohamishwa kutoka kivulini kwenda kwenye jua kali, au uliosafirishwa kutoka kitaluni, nao hudondosha majani ya zamani na kuota mapya yanayofaa mahali papya. Katika hali zote mbili dawa ni kungoja.

Ikiwa msimu wa ukuaji umeshika kasi na majani ya chini ndiyo yanayoanza kuwa manjano, chanzo kinachoongoza ni mizizi kukaa majini. Kwenye chungu, tazama kama matundu ya chini yameziba au kama kuna sahani inayotuama maji. Ardhini, chimba shimo la kina cha sentimita 30 pembeni mwa mti, mahali usipokata mizizi mikubwa, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena na upime. Maji yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo wako hautoi maji ipasavyo. Kuongeza mboji kwenye shimo la kupandia peke yake hakusaidii sana, kwa kuwa shimo hilo hugeuka bakuli la kukusanya maji ya eneo zima. Ni afadhali kuupanda mti upya juu ya tuta lililoinuka sentimita 30 au zaidi, na kazi hiyo ifanywe mti ukiwa umepumzika.

Kiu huleta manjano hayo hayo, na hapo ndipo kidole kinapofanya kazi kuliko macho. Mti wenye kiu hulegeza majani mchana na kuyainua usiku, na udongo wake ni mkavu hadi chini. Mti uliozama majini hulegeza majani ilhali udongo umelowa, na hauyainui asubuhi. Anayemwagilia kwa kufuata sura ya majani tu, bila kugusa udongo, mara nyingi huua mti ambao tayari unazama.

Baada ya maji, fikiria chakula. Upungufu wa naitrojeni hufifisha jani zima, kuanzia majani ya zamani, na ukuaji wa mwaka huwa mfupi. Upungufu wa chuma huonekana kwenye majani machanga, ambayo hubaki na mishipa ya kijani huku sehemu za katikati zikiwa manjano. Hutokea zaidi kwenye udongo wenye chokaa nyingi, ambapo chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukichukua. Pima kiwango cha pH, yaani uchachu wa udongo, kabla ya kununua chochote. Mtini hukua vyema kati ya 6 na 7, na huvumilia hata udongo wenye chokaa kiasi.

Majani yana madoa, mabaka au kingo zilizoungua

Kingo za kahawia zilizokauka, huku jani lililobaki likiwa na afya, mara nyingi ni chumvi ya mbolea iliyojikusanya kwenye chungu, au upepo mkavu wa joto. Mwagilia chungu kwa maji mengi hadi yatiririke chini kwa muda, rudia baada ya saa moja, kisha simamisha mbolea kwa wiki kadhaa.

Vidoa vidogo vya manjano vinavyogeuka kahawia, vikiwa na unga wa rangi ya kutu upande wa chini wa jani, ni ugonjwa wa kutu. Husambaa hewa ikiwa na unyevunyevu na majani yakikaa yameloa, na unaweza kuuvua mti majani yote kabla ya msimu kwisha. Okota majani yote yaliyoanguka na uyaondoe uani, mwagilia chini ya mti badala ya juu ya majani, na upunguze matawi ya katikati ili hewa ipite. Dawa za kuvu zenye shaba husaidia zikipigwa mapema, kabla ugonjwa haujaenea. Zikipigwa baada ya majani kujaa kutu hazina faida, na zisipigwe kwenye matunda yaliyokaribia kuvunwa isipokuwa maelekezo ya kibandiko yanaruhusu.

Mabaka ya manjano yasiyo na mpangilio, kwenye jani lililopinda au lenye umbo la ajabu, ni dalili ya virusi vya batobato ya mtini. Husambazwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, na zaidi na watu wanaogawana vipandikizi. Hakuna dawa ya kuviondoa uani. Hata hivyo, sioni sababu ya kung'oa mti kwa ajili yake peke yake, kwa kuwa mitini mingi sana inabeba virusi hivi na kuzaa vizuri ikilishwa na kumwagiliwa sawasawa. Mti ung'olewe ikiwa unadumaa mwaka baada ya mwaka, na usichukue vipandikizi kutoka kwenye mti wenye dalili kali.

Mti umenawiri, matunda hayaonekani

Wapo wanaolalamika kuwa mtini wao hauchanui. Mtini hauchanui kwa namna inayoonekana: maua yake yamefichwa ndani ya kile tunachokiita tunda, na tini changa hujitokeza moja kwa moja pale jani linapoungana na tawi, ikiwa ndogo kama punje ya dengu. Tafuta hapo kabla ya kusema hakuna kitu.

Ikiwa kweli hakuna, umri ndio chanzo cha kwanza. Mti uliotokana na kipandikizi huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, wakati mwingine mapema zaidi. Ule uliotokana na mbegu huchukua miaka mingi, na huenda ukawa dume lisilozaa tini za kuliwa. Chanzo cha pili ni naitrojeni nyingi. Ukuaji wa zaidi ya mita moja kwa mwaka, majani makubwa ya kijani kizito na nafasi ndefu kati ya vifundo ni ishara kwamba mti unakula kupita kiasi, na mara nyingi mbolea hiyo inatoka kwenye bustani ya nyasi au mboga iliyo jirani. Iache mbolea kwa msimu mzima. Chanzo cha tatu ni kivuli, na kwa hicho hakuna ujanja isipokuwa kuondoa kinachozuia jua au kuuhamisha mti.

Kupogoa vibaya nako huchangia. Zao kuu hutoka kwenye matawi ya mwaka huu, na zao la mapema hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Anayekata ncha zote mti ukiwa umelala hupoteza lile la mapema, na anayekata sana katikati ya msimu hupoteza yote mawili. Katika ua mdogo, njia ya busara ni kuacha matawi makuu matatu au manne, kuondoa yanayogongana, kisha kuinyofoa ncha ya kila chipukizi jipya likishafikisha majani matano au sita, ili mti ugeuze nguvu kutoka kwenye urefu kwenda kwenye tini. Chungu nacho kinasaidia, kwa sababu kinabana mizizi. Cha lita 40 hadi 60 kinatosha mti wa ukubwa wa mtu.

Matunda yanadondoka yakiwa machanga

Maji yasiyo na mpango ndiyo yanayoongoza. Mti wa kwenye chungu ukikauka kabisa siku moja ya joto hutupa mzigo wake ndani ya siku chache. Tandaza matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, na umwagilie kwa kina kwa vipindi vinavyolingana badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Mti mchanga nao hutupa matunda yake ya kwanza hata ukitunzwa vyema, kwa kuwa mizizi haijatosha kuyalisha. Mabadiliko ya ghafla ya joto yana athari kama hiyo.

Ikiwa matunda yanafikia ukubwa wa gololi, yanasinyaa, yanakuwa manjano na kuanguka karibu yote, tena kila mwaka, mti ukiwa umekomaa na maji hayajawahi kukatika, shuku aina ya mti wenyewe. Mitini mingi inayopandwa majumbani, kama Brown Turkey, Celeste na Black Mission, huivisha matunda bila kuchavushwa. Lakini kundi la Smyrna huhitaji chavua iletwe kutoka mtini dume na nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, anayeingia kupitia kitundu kilicho nchani mwa tini. Wakulima wa California walilijua hili kwa gharama: walipanda mitini ya Smyrna katika miaka ya 1880, wakaona matunda yakianguka msimu baada ya msimu, hadi nyigu hao walipofanikiwa kukaa huko mwaka 1899. Kundi la San Pedro liko katikati, kwani zao la mapema huiva lenyewe ilhali zao kuu hudondoka.

Pasua tini chache zilizoanguka. Hii si hukumu kamili, lakini pakiwa pakavu ndani, pana uwazi na hakuna punje zilizojaa, dhana hiyo inapata nguvu. Mbolea haitabadilisha jambo hilo, wala dawa. Kilichobaki ni kuunganisha kipande cha tawi la aina nyingine juu ya shina hilo hilo, au kupanda mti mwingine kutoka kwa mtu aliyekula matunda yake na anayejua jina la aina.

Matunda yamebaki ya kijani na magumu kwa wiki nyingi

Tini hukua kwa awamu tatu: hukua haraka mwanzoni, kisha husimama kwa wiki kadhaa bila kubadilika, halafu hujaa na kulainika ndani ya siku chache. Wengi huingiwa na wasiwasi katika awamu ya pili na kuzichuma, na tini iliyochumwa mbichi haiivi ndani ya nyumba. Iliyoiva huinamisha shingo, hulainika ikibonyezwa, ganda lake huonyesha mipasuko midogo, na wakati mwingine tone la utamu hujitokeza kwenye kitundu. Ukiichuma na utomvu mweupe ukatiririka kwenye kikonyo, umewahi.

Baridi ikikaribia matunda yakiwa bado, ondoa madogo zaidi ili makubwa yapate nafasi. Ipo pia mbinu ya kale ya kupaka tone la mafuta ya zeituni kwenye kitundu ili kuharakisha kuiva. Inafanya kazi, ila tu tini ikiwa imekaribia mwisho wa awamu ya pili; ikipakwa mapema huharibu tunda. Mimi ningeongeza jua na kupunguza idadi kwanza.

Matunda yanapasuka au yanachacha

Mvua au maji mengi baada ya ukame hupasua tini zilizokaribia kuiva. Kitundu kilicho wazi nacho huingiza mende wadogo na inzi wa matunda wanaobeba hamira na bakteria, na tunda huchacha likiwa bado mtini, likinuka siki na kudondosha maji. Vuna kila siku, ondoa yaliyoanguka, na mahali penye mvua za msimu wa kuiva chagua aina yenye kitundu kilichofunga, kama Celeste. Tunda lenye ukungu ndani litupwe lote, usikate sehemu mbovu ukala iliyobaki, kwa kuwa baadhi ya ukungu wa tini hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa ndege, wavu ndio jibu; kwa sisimizi, kwanza tafuta wadudu magamba au vidung'ata wanaowavutia, uwasugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Mti umedumaa, au tawi linakauka ghafla

Kwenye chungu, mtoe mti uone kama mizizi imejizungusha. Ikiwa ndivyo, wakati mti umelala, punguza pembeni na chini kiasi cha sentimita 5, kisha urudishe kwenye udongo mpya. Kazi hii inarudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ardhini, fukua mzizi mwembamba uutazame: vinundu vilivyovimba kama shanga ni minyoofundo, ambayo hupenda udongo wa kichanga. Hakuna dawa ninayoweza kuipendekeza kwa ua wa nyumbani. Boresha udongo kwa mboji, mwagilia bila kukatiza, na mti unaofuata uupande kwenye chungu chenye udongo safi, ukitumia kipandikizi kisicho na mizizi.

Tawi lililokauka baada ya baridi kali likatwe hadi mahali penye kijani, lakini subiri hadi machipukizi yaanze, kwa kuwa shina lililoonekana limekufa mara nyingi huchipua kutoka chini. Ganda lililopasuka upande unaopigwa na jua la mchana limeungua; lipake rangi nyeupe ya maji, iliyochanganywa na maji kwa nusu kwa nusu.

Ukiona unga wa mbao ukitoka kwenye matundu ya shina, ganda la chini linalonuka na kuachia, au uyoga ukiota kwenye shingo ya mti, acha kujaribu dawa. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya shina hafikiwi na dawa ya kupulizia, na uozo wa mizizi unaweza kuambukiza miti iliyo jirani. Mwite afisa ugani au mtaalamu wa magonjwa ya mimea akiwa na nafasi ya kuona mti mzima, na usihamishe udongo wa hapo kwenda kwingine.

Mizizi ya mtini huenda mbali kufuata maji. Mti uliopandwa karibu na shimo la maji taka au bomba, ukianza kunawiri ghafla wakati wa ukame huku choo kikipitisha maji polepole, haumhitaji mtunza bustani bali fundi bomba, na mizizi isikatwe kabla hajaona iko wapi. Vivyo hivyo, mbao ya mtini ni laini na huvunjika bila kutoa onyo: usipande juu yake, na tawi kubwa lililoelemea paa au nyaya za umeme likatwe na watu wenye vifaa na idhini ya kazi hiyo.